Kidole Nilichokiona Nikakipita

Wacha niseme mapema kabla mtu hajanikata kauli: yule bwana harusi wa Elburgon ni mimi. Kama hadithi hiyo uliisikia sokoni, au kwa mtu aliyeapa kwamba binamu yake alikuwepo akaona kwa macho yake, jua karibu kila kitu ulichoambiwa ni kweli, isipokuwa ile ya kwamba nilikimbilia msituni. Sikukimbia popote, maana miguu yenyewe ilikuwa imekataa kazi. Nasimulia sasa kwa sababu nimechoka kusimuliwa na wengine, na kwa sababu mke wangu amesema nikisimulia nisiruke mahali.

Mambo yalianza na poka, ile ya kwenye simu. Mimi hutengeneza simu Nakuru mjini, kibanda kimoja na rafiki yangu Barasa, na wateja wakipungua tulikuwa tunaingia mtandaoni tunacheza karata na watu wa dunia nzima. Hapo mwanzo ilikuwa raha tupu, kwa sababu meza zilijaa watu wa kubahatisha kama sisi, mtu ana karata mbovu lakini anajitupa mzima mzima, anapigwa, anaandika matusi, kesho amerudi tena. Niliwapiga hao hadi nikajiona bingwa (Barasa alikuwa ananiita Profesa, na mimi, mjinga, nilikuwa naitika). Halafu meza zikabadilika. Wakaja watu wengine kabisa, watu wasioandika kitu, wasiokasirika, kila karata wanaifikiria kwa muda uleule, ukikosea mara mbili wameshakujua na mara ya tatu wanakungojea mlangoni. Nikaanza kupigwa kila jioni hadi chakula kikawa hakipiti.

Wairimu, ambaye wakati huo alikuwa mchumba wangu na anafundisha watoto wa nasari hapa Nakuru, aliniona nimekonda akaniambia niache. Nikaapa nimeacha. Akaniuliza tena mwezi ule tuliopangiwa kwenda kwao, na safari hiyo alikuwa na sababu, kwa maana baba yake hataki kusikia mambo ya kamari hata kwa mbali. Mzee ana mashine ya kupasua mbao Elburgon, ni mzee wa kanisa, na aliwahi kumfukuza fundi wake bora kwa kumshika akibashiri mpira saa za kazi. Mzee huyo alikuwa amemuuliza binti yake, "Huyu kijana wa simu hachezi hizo vitu?" Na Wairimu akamjibu kwa mdomo wake, "Hachezi, baba." Kwa hivyo nilijua nikishikwa sitaanguka peke yangu, nitamwangusha yeye mbele ya baba yake, na hofu hiyo nililala nayo na kuamka nayo wiki nzima.

Sasa utaniuliza, kama uliogopa hivyo si ungeacha? Nilijiambia siendelei kucheza, ninajirekebisha tu nifikie kiwango cha wale wakali halafu niache nikiwa juu (kila mtu ninayemjua aliyepotea alipotea akingoja kuacha akiwa juu). Mimi na Barasa tukawa tunatazama video za walimu wa poka kibandani, na somo kubwa tuliloshika ni hili: mchezaji dhaifu akionekana dhaifu ni dhaifu kweli, lakini mchezaji mkali akikuonyesha kitu, anakuuzia. Ishara iliyo wazi mno ni mtego. Nikalimeza hilo somo hadi likatoka nje ya simu. Mama wa nyanya akinipunguzia bei nakimbia, najua zimeoza. Mteja akisema hana haraka na simu yake, naitengeneza kwanza nikijua kesho asubuhi atakuja na kelele. Mara nyingine nilikuwa nimekosea, lakini mara nilizopatia ndizo nilizokuwa nazihesabu.

Siku yenyewe ilikuwa ngurario, ile sherehe yetu sisi Wakikuyu ambayo ukishakata bega la kondoo mbele ya wazee basi huyo ni mkeo na hakuna maneno mengine. Lakini kabla ya bega kuna jambo. Bibi harusi anafunikwa leso kuanzia kichwani hadi chini, pamoja na wanawake wengine wa kwao, wanapangwa mstari kimya, na bwana harusi anaambiwa amtoe wake. Ukikosea unatozwa faini, watu wanakucheka, unarudia. Ndiyo maana kila bibi harusi mwenye huruma humpa mtu wake ishara kisirisiri.

"Nitapaka rangi nyekundu kidole gumba cha mguu wa kushoto," Wairimu aliniambia kwa simu usiku wa kuamkia siku hiyo. "Hicho kimoja tu. Nitakitoa nje ya leso. Gitau, tafadhali usinikosee, hao matata zangu wataniimba mpaka nizeeke."

"Nitakukosea aje?" nikamjibu. (Tata kwetu ni shangazi, na wakiwa wengi ni matata.)

Tulitoka Nakuru mapema tukasimama Njoro kwenye kituo cha mafuta kumngoja mjomba wangu, ambaye alikuwa msemaji wetu na alikuwa ameingia sokoni kutafuta kofia inayomfaa msemaji. Mjomba alichelewa. Mimi nilikuwa na woga, nikasema wacha nitoe simu nijitulize, dakika tano tu. Kulikuwa na shindano limeanza. Nikaingia. Na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu karata zikanikubali, nikawapiga wawili, nikampiga wa tatu, nikaona kumbe masomo yanafanya kazi! Mjomba akatokea na kofia yake, magari yakawashwa, na badala ya kufunga mchezo nikauacha wazi, nikazima sauti tu, nikaitumbukiza simu kwenye mfuko wa ndani wa koti. Kosa langu lilikuwa dogo kiasi hicho.

Elburgon kulikuwa na baridi na manyunyu, na ua wote ulinukia vumbi la mbao. Wanawake wakatufungia geti wakatuimbia, tukawaimbia, tukafunguliwa. Mzee akanishika mkono. Mkono wake ni mgumu kama ubao, na aliushika wangu muda mrefu akiniangalia usoni hadi nikahisi anasoma kila nilichowahi kufanya. "Karibu, Gitau," akasema. Nikasema asante, na sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto wa kwaya.

Baada ya kula nikaomba kuonyeshwa choo, na nakuapia haja ilikuwa ya kweli. Lakini humo ndani, katikati ya kuta za mabanzi, mkono ukaingia kwenye koti wenyewe, nikafungua na sauti. Nilikuwa bado nimo mchezoni, zamu zangu zikirukwa tu! Na mbele yangu kulikuwa na mmoja wa wale wakali, mtu aliyekaa kimya shindano zima, na sasa akawa anasitasita, anaweka kidogo, anachelewa, unaona kabisa ameshikwa na hofu. Nikasema huyu ameisha. Nikamrukia na karibu kila nilichokuwa nacho. Akafunua karata, na karata zake zilikuwa zile ambazo mtu huzipata mara moja kwa mwaka. Alikuwa ameniuzia woga wa uongo na mimi nikaununua. Nikabaki na vijisarafu vichache vya kuzugia, nikajiambia kwa sauti, humo chooni, kwamba leo siuziwi kitu kingine na mtu yeyote.

Barasa, ambaye ndiye alikuwa msimamizi wangu, akagonga mabanzi. "Boss, toka! Washafunikwa, unangojewa wewe!"

Nikairudisha simu kotini bila kufunga chochote, hata sauti, nikatoka.

Walikuwa sita kwenye mstari, maleso hadi chini, na ua wote umetuzunguka. Nikaanza kupita polepole nikiangalia chini. Wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Wa tatu, kidole kile pale, chekundu, nje ya leso, kikajisogeza kidogo kama kinanisalimia. Furaha iliyonishika ilikuwa kubwa. Nikainua mkono. Halafu ile hofu ya chooni ikaniamka kifuani, ikaniuliza, mbona rahisi hivi?

Nikaangalia pembeni nikaona matata zake wawili wamefunika midomo wanacheka. Wanacheka nini kama hawajui? Binti wa tata mmoja ana saluni, rangi ya kucha imetoka kwa nani? Nikaona mambo yote kwa mara moja: wameshika siri, wamempaka mwingine, wameniwekea chambo. Na kule mwisho wa mstari kulikuwa na mmoja aliyesimama wima, leso imebana, hatingishiki, haonyeshi chochote, na mwenye karata nzuri ndivyo anavyokaa. Nyuma yangu Barasa, aliyekuwa anaijua ishara na alikuwa amekiona kidole vizuri kama mimi, akaanza kukohoa kama mtu wa kupelekwa hospitali. Unajua nilifikiria nini? Nilifikiria hata Barasa wamemnunua.

Nikakipita kile kidole. Nilikiona kikirudi ndani ya leso taratibu, na hata hilo nikalisoma vibaya, nikasema ndiyo, mtego umeshindwa. Nikaenda hadi mwisho, nikashika leso ya yule asiyetingishika, nikaivuta kwa madaha.

Alikuwa Tata Wangeci, dada mkubwa wa mzee, mwalimu mkuu mstaafu na kiongozi wa akina mama kanisani (baadaye nilikuja kuambiwa alisimama wima vile kwa sababu ya magoti, akisogea yanamuuma). Aliniangalia kutoka kichwani hadi kwenye viatu.

"Mimi?" akasema. "Kijana, mimi nina wajukuu."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Faini ikatangazwa, blanketi zito la Tata Wangeci, mjomba akaikubali na kofia yake mkononi, na mambo yangeishia hapo, maana kukosea si ajabu, wengi hukosea. Nikacheka na mimi. Lakini Wairimu akafanya jambo ambalo halifanywi. Alijifunua leso mwenyewe, akatoka kwenye mstari, akaja hadi mbele yangu.

"Gitau," akasema kwa sauti ya chini, "hukukiona?"

Ningesema sikukiona, ningepona. Lakini mtu akiwa na hofu mdomo unajiendea wenyewe. "Nilikiona."

"Ulikiona?"

MC alikuwa binamu yake, mtu wa mdomo mrefu, na akaona hapa pana kichekesho, akanisukumia maikrofoni kidevuni. "Bwana harusi, hebu tuambie sote! Uliona bibi yako ukampita? Ulikuwa unafikiria nini?"

"Nilidhani ni danganya toto," nikasema, na spika zikasema pamoja nami.

Kicheko kikapungua. Wairimu alirudi nyuma hatua moja. Na kabla sijapata neno la pili, kutoka ndani ya koti langu, karibu kabisa na ile maikrofoni, sauti ya mwanamke, tamu, ya Kizungu, ikaambia ua mzima kwamba ni zamu yangu.

Tata Wangeci, leso bado iko mabegani, akauliza, "Huyo ni nani kwa koti yako?" Na yule mwanamke, kama aliyeulizwa yeye, akarudia tena kwamba ni zamu yangu na tena nifanye haraka. Mtu akasema nyuma, "Ako na mwingine!" Mama yangu akaweka mikono kichwani. Nikaanza kutokwa na jasho kwenye baridi ile ya Elburgon, na akili yangu, aibu nyingine hii, ikaanza kupiga hesabu ni lipi afadhali, nionekane nina mwanamke au nionekane mcheza kamari.

Ndipo nikamwangalia Wairimu. Sauti ile aliijua, alishaisikia nyumbani kwangu jioni nyingi kabla sijaapa. Angeweza kuwaambia wote. Lakini alisimama tu akiniangalia, na nikaelewa kwamba ananingoja mimi, anataka kuona nitasema nini. Kati ya hofu zote za siku hiyo, hiyo ndiyo iliyonifikia mifupani, kwa sababu niliona naweza kumpoteza hapo hapo, nikiwa nimesimama naye uso kwa uso.

"Si mwanamke," nikasema kwenye maikrofoni. "Ni poka. Mchezo wa karata. Wairimu hakujua, nilimwambia nimeacha na nilikuwa sijaacha. Yeye hakudanganya mtu."

Mzee aliinuka pale alipokuwa amekaa na wazee wenzake, akaja, watu wakimpisha. Akanyoosha mkono. "Lete hiyo simu." Nikampa. Akaishika mbali na uso, akaangalia ile meza ya kijani.

"Hawa ni watu?"

"Ni watu, mzee."

"Unawajua?"

"Siwajui."

"Wanakushinda?"

"Siku hizi wamekuwa wakali sana, mzee. Nilikuwa najaribu kujirekebisha niwafikie."

Akaifikiria hiyo. "Umejirekebisha vizuri," akasema. "Mtoto wangu amekuonyesha ukweli, na wewe ukaona uongo." Hakupaza sauti. Simu hakunirudishia mimi, alimpa mama yangu, na mama akaipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa habari ya msiba.

Wairimu akaingia jikoni. Wazee wakaingia nyumbani, wa kwetu na wa kwao, wakafunga mlango. Mimi nikabaki nimesimama kwenye manyunyu kwa sababu hakuna aliyeniambia nikae. Barasa akaja kando yangu akanong'ona, "Boss, tukitaka tunaweza kuenda tu," na nikatamani kumpiga na nikatamani kumkubali. Mama akapita akasema, "Gitau, mimi nililea nini?" akaendelea na safari yake bila kungoja jibu. Kondoo ameshachomwa, bega liko pale kwenye majani, na mimi nafikiria nyumba yangu ya Nakuru, pazia alilochagua Wairimu, nitaingiaje mle peke yangu.

Mwishowe aliyetoka si mzee. Ni Tata Wangeci, anatembea polepole na magoti yake. "Wazee wameshindwa, wamemuachia Wairimu mwenyewe," akasema. "Amesema afunikwe tena. Lakini safari hii hakuna ishara, na mtu asikohoe." Hapo alimwangalia Barasa.

Wakapangwa tena sita. Maleso yalifagia chini, hakuna mguu unaoonekana hata ukucha. Hakuna aliyecheka safari hii, hata MC alikuwa ameishusha maikrofoni. Nikapita mara moja, nikapita mara ya pili, na ile akili ya meza ikataka kuanza, yule amekaza mabega, yule amehema, na kila nilichokiona kilikuwa na maana mbili. Nikasimama katikati.

"Sijui," nikasema. "Wairimu, sijui ni wewe yupi. Naogopa kukosea tena."

Manyunyu yanapiga mabati. Halafu chini ya leso moja, sauti ikasema, "Basi uliza."

Nikasogea nikasimama mbele ya ile leso. "Wairimu, ni wewe?"

"Ni mimi."

Na kwa kuwa nimeambiwa nisiruke mahali, nakiri: hata hapo, akili iliniambia matata wanaweza kuiga sauti. Ilisema hivyo kabisa. Nikaikatalia, nikainua leso, na alikuwa ni yeye, macho mekundu, na moshi wa jikoni haukuwa sababu.

Vigelegele vikapigwa, sijui kama vilikuwa vya furaha au vya watu kupumua. Nilipokata lile bega kisu kilinitetemeka hadi mzee akaushika mkono wangu na ule wake mgumu tukakata pamoja. Katikati ya kelele Wairimu akaniinamia sikioni. "Nimekukubali kwa sababu nakupenda," akasema. "Kukuamini bado. Hizo ni vitu mbili."

Mchezo niliufuta kwenye simu mbele yake jioni ileile, na sijaurudia. Barasa bado anacheza pale kibandani, na ananiambia meza zimezidi kuwa ngumu, nami nageukia kazi yangu. Huku nyumbani tunaishi vizuri, tunacheka, lakini kuna wakati naongea jambo dogo tu, kwamba nimechelewa kwa sababu ya mteja, na namwona anatulia kidogo akiipima ile sentensi kabla ya kuipokea, kama nilivyokipima mimi kile kidole. Hapo woga ule wa uani kwao hunirudia wote. Wiki iliyopita tukiosha vyombo nikajikaza nikamuuliza, "Wairimu, sasa unaniamini?"

Akasuuza sahani, akaiweka. "Bado," akasema. "Niulize tena Krismasi."

Nitamuuliza. Na akisema ndiyo nitaamini ni ndiyo, akisema bado nitaamini ni bado, na nimeapa mbele ya Mungu sitalitafutia jibu lake maana nyingine.